Darubini Iliyomkonyeza Bibi

Leo alasiri Mama kanipa bakuli nivuke nalo barabara, na nimekwama ukingoni. Lori la makonyo, vile vijiti vya vishada vya karafuu, limefika kwenye kona mbele ya nyumba yetu, dereva kapunguza mwendo kama ilivyo desturi, katukana kwa midomo bila ya sauti kama ilivyo desturi, na moshi wake umechanganyika na harufu ya lami inayochemshwa mapipani kule chini. Makonyo na lami. Nifungeni kitambaa machoni, nizungusheni mpaka nisijue kibla kiko wapi, kisha ninusisheni vitu hivyo viwili pamoja: nitakwambieni papo hapo kuwa niko Tibirinzi mbele ya nyumba ya Bibi, meno yangu ya mbele yameng'oka, na Serikali imekuja kumposa bibi yangu.

Nyinyi wenzangu mnaopita hapa kwa basi kwenda skuli mnaijua kona hii, maana ndipo mnapoangukiana mkalisingizia basi. Kona haina sababu. Hapana kilima, hapana mto, hapana hata jiwe la kukwepa. Barabara inatoka mjini imenyooka kama alifu, ikifika kwetu inajipinda kama dali, kisha inajirudi na kuendelea na safari yake kama mtu aliyejikwaa akatazama huku na huku kama kaonekana. Mwalimu wetu wa jiografia alisema darasani kuwa hilo ni kosa la mpimaji. Nikanyoosha mkono nikamwambia kosa halimo, mimi nilikuwepo. Akanambia nikaendelee kuwepo nje ya darasa. Basi nawahadithia nyinyi, kwa kuwa yeye hakutaka faida.

Siku hizo nyumba ya Bibi ilikuwa mdomoni mwa barabara, na barabara yenyewe nyembamba hata mbuzi wawili wakikutana lazima mmoja awe na adabu. Mbele kulikuwa na baraza ya udongo na chokaa, imelainishwa na makalio ya watu wengi, na ukikaa ukanyoosha miguu vidole vyako vilikuwa tayari vimo safarini. Hapo ndipo Babu alipocheza dhumna kila alasiri na Mzee Nassor, jirani yetu wa ng'ambo. Wazee wa Mzee Nassor walitoka Omani, walikuwa na mashamba ya kutosha kusahau mengine, kisha mashamba yakaondoka moja moja ikabaki nyumba, jina refu, na safu ya mikarafuu kando ya barabara aliyoipanda babaake. Babu alikuwa mkulima wa Mgogoni aliyehamia mjini kumfuata mke. Walitukanana kwa mapenzi. Babu alikuwa akimwambia mwenzake kuwa anachagua dhumna kama anayechagua tende, na Mzee Nassor akijibu kuwa yeye ndiye aliyemfunza mchezo huo, kwa huruma tu, na sasa anajuta.

Halafu siasa ikaingia. Watu wazima walisema hivyo hivyo, kwamba siasa imeingia mtaani, na mimi nikadhani ni maradhi kama surua, kwa sababu dalili zake nilizijua: watu waliacha kupeana mikono, milango ikafungwa, na Mama akanikataza kununua visheti kwenye duka la pembeni ambako jana yake tulikuwa tukinunua. Babu akawa upande huu, Mzee Nassor upande ule. Siku moja sauti zilipanda, dhumna zikamwagika chini, na Mzee Nassor akavuka barabara kwenda kwake. Hakurudi. Nilipomuuliza Bibi ni yupi kati ya wawili hao aliye mgonjwa, akasema wote wawili, na dawa yao moja, bakora.

Kitu kimoja tu kilibaki baina ya nyumba mbili hizo, nacho ni bakuli. Bakuli hilihili nililolishika, la kauri, lina maua ya buluu, la Bibi tangu harusi yake. Alikuwa amelipeleka kwa Bi Aziza, mke wa Mzee Nassor, limejaa bokoboko la Sikukuu, siku chache kabla ya maradhi. Mnajua kwetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utie wali, utie ndimu, utie hata chumvi, lakini usikirudishe kinalia njaa. Sasa Bi Aziza angefanyaje? Kulirudisha tupu ni matusi, na kulirudisha limejaa ni suluhu, na suluhu mumewe hakuitaka. Basi bakuli likakaa ng'ambo kama mfungwa. Bibi hakulitaja, ila kila alipopakua chakula alilalamika kuwa vyombo vya siku hizi havichukui kitu.

Babu alifariki kabla hawajapatana. Mtaa ulikuwa umeharibika hata mazishini watu walitazamana kwanza nani yuko na nani. Baba alinihadithia baadaye kuwa Mzee Nassor alikuja makaburini peke yake, akasimama nyuma, akatia mchanga wake kaburini, akaondoka bila ya kumpa mtu mkono. Nyumbani hakuingia. Na Bibi akaingia eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani.

Kwangu mimi eda ilikuwa mchezo wenye masharti mengi. Bibi hatoki. Bibi hajitii wanja wala hajifukizi udi. Bibi haonwi na mwanamme asiyekuwa maharimu wake, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kumuoa. Na chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alikwishatufunza, kwa sauti yake ya kututisha, kuwa mwanamke aliyemo edani haposwi, na anayemposa kafanya haramu. Sikujua hasa kuposwa ni nini, ila nilijua kunaanza kwa mwanamme kutazama dirishani na kukonyeza, maana dada yangu mkubwa alikuwa na mambo hayo na alikuwa akinipa njugu ninyamaze.

Basi fikirieni hali yangu asubuhi ile nilipomkuta bwana mmoja katikati ya barabara, kavaa kaptura na kofia ngumu, kasimamisha darubini juu ya miguu mitatu. Akainama. Akafumba jicho moja. Na mdomo wa darubini umelielekea sawasawa dirisha la Bibi. Akapunga mkono kushoto, kisha kulia, halafu akatabasamu, akaandika kitu, akafumba tena jicho. Sikungoja ushahidi mwengine. Nilikimbia ndani nikamkuta Mama na wanawake wa jirani wanachagua mchele, nikawaambia yuko mwanamme njiani anamkonyeza Bibi kwa darubini, na hata haya hana, anamwandika.

Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Mama akanieleza kuwa yule ni mpimaji kutoka Unguja, kuwa Serikali yataka kuipanua barabara itiwe lami, na kuwa inapiga vigingi vyenye vichwa vyekundu kuonesha itafika wapi. Akanishika mkono anioneshe kimoja. Hapo kicheko chake kikakatika. Kigingi kilikuwa uchochoroni, ubavuni mwa nyumba, ndani kuliko chumba cha mbele. Baraza, ukumbi na chumba alimokaa Bibi, vyote vilikuwa upande wa barabara.

Mimi sikuvijali vigingi, nilibaki na posa yangu. Chuoni nikawatangazia wenzangu kuwa Serikali yataka kumuoa bibi yangu, na kesho yake mtaa mzima ulikuwa nayo, wa siasa hii na wa siasa ile. Kwa muda mrefu hapakuwa na habari iliyovuka barabara ikapokewa pande zote mbili. Watu wazima waliicheka kama alivyocheka Mama, lakini kicheko kilipopoa wanawake wakaanza kufikiri. Yule mpimaji, ambaye mtaani alikwishaitwa Bwana Pima, alikuwa amejisifu dukani kuwa chombo chake kinasoma maandishi ya mkebe wa maziwa kutoka mwisho wa barabara. Kama kinasoma mkebe, mjane aliyekaa dirishani kinamkosaje?

"Mtoto kasema upuuzi," alisema Mama, "lakini upuuzi wake una macho."

Msimu wa karafuu ulikuwa bado, na kila nyumba ilikuwa na majamvi yake ya kuanikia yamekunjwa pembeni hayana kazi. Wanawake wakayatoa. Wakafunga kamba kutoka kwenye mshelisheli mpaka nguzo ya nyumba ya pili, wakatundika majamvi moja baada ya jengine, mbele ya nyumba ya Bibi pakawa na ukuta wa ukili mrefu kuliko mtu, umekaa juu ya mstari wenyewe wa Bwana Pima. Alikuja asubuhi akainama na kufumba jicho, akaona jamvi. Akasogea huku, jamvi. Akaomba kwa upole liondolewe moja tu, kwa dakika chache. Akaambiwa ndani yumo mjane, tena yumo edani. Akasema yeye hana haja na mjane, ana haja na mstari. Akajibiwa kuwa ndivyo wanavyosema wote mwanzoni.

Wanaume nao walitaka kupinga, ila walikuwa na tabu ya siasa, hawakuweza kukaa pamoja. Watu wa upande huu walikwenda asubuhi kwa Mudiri, mkuu wa Serikali wa sehemu yetu, kumwambia barabara isipite juu ya nyumba za watu. Watu wa upande ule wakenda jioni. Inasemekana Mudiri alisikiliza maneno yale yale mara mbili, kisha akauliza kama kuna kundi la tatu awawekee chai kabisa. Vigingi hakuna aliyeving'oa, wallahi, kung'oa kigingi cha Serikali ni kesi. Watu walifunga ng'ombe tu. Kigingi kimesimama mahali penye majani mazuri, mtu ana kamba na ana ng'ombe, afanyeje? Upande huu wakafunga, upande ule wakaona, wakafunga na wao bila ya kuulizana. Bwana Pima alipokuja alikuta ng'ombe wanatembea mtaani wanakokota vigingi vyake nyuma, vichwa vyekundu vinaruka vumbini, na kila aliyeulizwa alisema ng'ombe si wake ni wa yule pale, akamwonesha mtu asiyesema naye.

Mwishowe Mudiri alikuja mwenyewe, kanzu imenyooka, bakora mkononi. Alikuwa mtu wa dini, na dini ndiyo iliyomtia tabuni: alitaka kusema na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mjane, na yeye si maharimu wake. Akapiga hodi kwenye jamvi. Ukipiga hodi kwenye jamvi unapata vumbi. Mama akanisimamisha penye upenyo wa majamvi mawili niwe mjumbe, kwa sababu Bibi, ambaye sauti yake ilikuwa ikitufikia tukiwa kisimani, alishikilia kuwa hasemi na mwanamme wa nje ila kwa mjumbe.

"Mwambie bibi yako nimekuja kumpa pole ya msiba," alisema Mudiri.

"Mwambie imefika," Bibi alisema kutoka dirishani, "ila vigingi vimeitangulia."

"Bibi asema ahsante," nikamwambia Mudiri, na yeye, aliyesikia kila neno, akaitikia kama kwamba amesikia langu tu.

"Mwambie barabara ni ya watu wote. Magari yamezidi."

"Muulize hao watu wote wakimbilia wapi."

"Bibi auliza kama mmekwisha kunywa chai."

Mudiri akaweka ngumi mdomoni akakohoa. Alipoiondoa, uso wake ulikuwa umebadilika. Alieleza polepole kuwa hapana mtu atakayeugusa ukuta wa nyumba ile mpaka Bibi amalize eda, hiyo ni ahadi yake. Akimaliza, hatakuwa na njia ila kuuvunja, maana ng'ambo kuna safu ya mikarafuu ya mtu, na mbele ya Serikali mkarafuu una thamani kuliko ukuta wa udongo. Niligeuka nikamwona Bibi dirishani, kajitanda kanga yake iliyochakaa, anautazama ukuta wa chumba chake kama anaukagua.

"Mwambie niliingizwa nyumba hino mwari," alisema. "Nikimaliza eda nyumba ikavunjwa, nitoke humu niende wapi miye?"

Hilo sikulibadilisha. Nililipeleka kama nilivyopewa, na nilipokuwa nikilisema ndipo nilipofahamu kuwa hapakuwa na posa. Nilisikitika kidogo, maana nilikwishaanza kuota pilau. Lakini nilifahamu na kitu chengine, kwamba kuna jambo linakuja ambalo watu wazima hawana la kulifanya ila kutundika majamvi. Mudiri alilirekebisha jamvi moja lililokwenda upande, akaondoka.

Siku zikaenda. Tulikuwa watu wa ajabu, mtaa mzima tukimwombea mjane asimalize eda. Kila nyumba, Mama akipita, aliulizwa zimebaki siku ngapi, na kila mara alizijibu kwa uso mrefu zaidi. Upepo wa kusi ukaja ukalichana jamvi la katikati, pakawa na pengo ambalo hata mimi niliweza kulipita bila ya kuinama. Asubuhi tulipofungua mlango pengo halikuwepo. Palikuwa na jamvi jipya, zito, ukili wake mwembamba, na pindo limeshonwa kwa namna ambayo mtaa mzima unamjua mshonaji. Bi Aziza. Hakuna aliyemwona akivuka. Mama aliligusa pindo akamtazama Baba, na Baba akatazama juu kama anayetafuta mvua.

Alasiri moja, eda ikielekea mwisho, nilikuwa nimekaa barazani nyuma ya majamvi nikililamba pengo langu la meno, nikaona miguu chini ya jamvi. Makubadhi. Nilikuwa nikiyajua makubadhi yale tangu nikitambaa chini ya meza ya dhumna, na hayakuwa yamevuka barabara tangu siku ya ugomvi. Yakasimama. Mwenyewe akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua.

"Mwambie bibi yako," ilisema sauti ya Mzee Nassor, bila ya salamu, "vigingi vyahama. Nimekwisha sema na Mudiri. Vyaja kwangu."

Niligeuka niupeleke ujumbe, lakini Bibi alikwishaupata.

"Muulize mikarafuu ya babaake je?"

"Mwambie mikarafuu haikai eda."

Mimi nilikuwa baina yao, nageuza shingo huku na huku. Hakuna aliyenihitaji na hakuna aliyeniruhusu kuondoka.

"Mwambie marehemu asingekubali," alisema Bibi.

"Mwambie marehemu alikuwa mbishi. Na dhumna hakuijua." Makubadhi yalirudi nyuma hatua moja, yakasimama tena. "Mwambie asidhani nimehama upande. Miye niko pale pale."

"Mwambie simdhanii kitu," alisema Bibi. "Muulize bakuli langu liko wapi."

Makubadhi yakageuka. Nilichokisikia akivuka barabara sijui kilikuwa kicheko au kile kikohozi chake, na sikuulizwa.

Mikarafuu ilikatwa kabla Bibi hajatoka. Mzee Nassor alitoa kiti akakaa mbele ya nyumba yake akatazama mmoja mmoja ukilala chini, na alipoombwa aingie ndani alisema alipokuwa mtoto alichapwa fimbo kwa kuukwea ule wa mwisho, kwa hiyo ana haki ya kuuaga. Harufu yake ilikuwa kali, si ile ya karafuu iliyoanikwa. Ilikuwa harufu mbichi, ya majani na maji ya mti, iliyoingia mpaka ndani ya mito tunayolalia. Wanaume wa pande zote mbili walikuja na mashoka kuondosha magogo. Huwezi kubeba gogo na mtu usimwambie "inua". Baada ya miaka ya kununiana, neno la kwanza baadhi yao waliloambiana lilikuwa hilo, na la pili "shusha", na mbele ya hapo wakaanza kulaumiana nani kaachia mapema, ambayo kwa wanaume wa kwetu ni salamu tosha.

Siku Bibi alipomaliza eda alioga, akajifukiza, akavaa kanga mpya, akatoka barazani. Majamvi yalikwishateremshwa. Alitazama ng'ambo kwa muda mrefu. Nyumba ya Mzee Nassor ilionekana yote, ukuta na mlango na dirisha, kama mtu mzima aliyekutwa hana kofia. Mlango ukafunguka akatoka Bi Aziza, mchana mweupe, akavuka barabara mbele ya macho ya kila mtu, na mikononi mwake lilikuwemo bakuli la maua ya buluu. Ndani mlikuwa na karafuu. Zilikuwa changa, nyengine hazijapata hata wekundu wake. Walikuwa wamezichuma juu ya matawi yaliyoanguka wakazianika uani kwao. Bibi aliliinua bakuli mpaka usoni akanusa, akakaa hivyo, bakuli limemficha. Alipoliteremsha alisema limechelewa, na kabla Bi Aziza hajajibu alikwisha mshika mkono akamwingiza jikoni. Jioni ileile bakuli lilivuka tena, limejaa bokoboko.

Tangu siku hiyo halijapumzika. Siasa haikupona, kila zikikaribia kura Bibi na Mzee Nassor walirushiana maneno kutoka ukingo mmoja wa barabara mpaka mwengine, basi likipita wanangoja, likisha pita wanaendelea pale walipoachia. Lakini bakuli lilikwenda na kurudi, na mara nyingi nililibeba mimi. Nimelipeleka na pweza, nimelirudisha na mashelisheli ya kukaanga, na njiani nimelipunguza kidogo kila safari, hiyo ndiyo ada ya mjumbe. Nikitazama nyuma naona nililelewa na nyumba mbili na barabara moja. Namshukuru Mudiri kwa kupiga hodi kwenye jamvi. Namshukuru hata Bwana Pima, aliyeipinda barabara yake iliyonyooka bila ya kunung'unika, akaaga mtaani akiwa na gunia la muhogo alilopewa na upande huu na jengine alilopewa na upande ule. Na nyinyi mkiangukiana ndani ya basi hapa, msitukane. Mnapita juu ya mikarafuu ya mtu.

Mzee Nassor kafariki mwezi uliopita. Bi Aziza yumo edani, katika chumba cha mbele. Na juzi wamekuja tena, wanasema mabasi ya siku hizi yamenenepa na lami nayo lazima inenepe. Kigingi kipya, kichwa chekundu, kimepigwa ubavuni mwa nyumba ya Bi Aziza, ndani kuliko dirisha lake, na hapana tena mkarafuu wa kutoa. Bibi siku hizi haoni tundu la sindano, lakini kigingi alikiona. Alinyamaza tangu asubuhi, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Kisha akamwita Baba akamwamrisha auondoe mtungi wa maji na mkeka barazani aviingize ndani. Baba akauliza kuna nini. Akasema anaondoa vitu njiani, na kuwa kesho Baba atakwenda naye kwa Mudiri. Halafu akaingia jikoni.

Mama aliponipa bakuli, Bibi alikuwa amekaa pale mlangoni. "Mpe Bi Aziza," akanambia. "Mwambie baraza haikai eda."

Nikamuuliza, na chumba chake je, maana barabara ikija kwetu haitatosheka na baraza.

"Nimekwisha kutoka humo," akasema. "Weye nenda, chakula chapoa."

Lori limekwisha pita, na nyuma ya vumbi lake naona alichokuwa akikitukana dereva. Katikati ya barabara kasimama mpimaji, si yule wa zamani, huyu kijana, kavaa suruali ndefu, na darubini yake ina miguu mitatu ile ile. Kainama, kafumba jicho moja, mdomo wa darubini umelielekea dirisha la Bi Aziza. Nimekua sasa, najua hapana posa mle ndani. Hata hivyo nilikwenda nikasimama mbele ya kioo chake, bakuli usawa wa kifua, asione kitu ila maua ya buluu.

Akainua kichwa.

"Umekosea upande, kaka," nikamwambia. "Dirisha hili lina mjane edani. Bibi yangu ni yule kule barazani, yeye keshatoka zamani. Ukitaka kukonyeza, mkonyeze yeye."

Akatazama ng'ambo. Bibi alikuwa amekwisha kutoka, amekaa peke yake kwenye baraza tupu, kaunyoosha mkono wake mmoja juu ya udongo ule kama anayemwekea mtu nafasi. Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaishika miguu ya darubini, akaigeuza. Bibi alipoona kioo kinamwelekea akautengeneza ushungi wake vizuri, akakaa sawa.

Nikavuka. Bakuli lilikuwa bado la moto, na safari hii sikulipunguza.